Barua kwa Senga: Mjukuu amekatazwa kuishi mtaa wa wazee

*Senga, asalaam aleikum.*

*Mimi ni mjane wa miaka 61, naishi Bombo hapa Uganda, nina cherehani na duka dogo la vitenge. Dada yangu mkubwa, mwenye miaka 66, na shemeji yangu wa miaka 71 wako Marekani tangu miaka ya tisini, jimbo la Arizona. Walipostaafu waliuza nyumba yao wakanunua ndogo kwenye mtaa uliojengwa kwa ajili ya wazee tu, kuanzia miaka 55. Nimeuona kwenye picha: barabara safi, bwawa la kuogelea, vibaraza vyenye viti, hakuna kelele.*

*Mwaka jana binti yao wa pekee alifariki kwa saratani, akaacha mtoto wa kiume wa miaka 7. Baba yake yuko jimbo jingine na ana familia nyingine. Hupiga simu sikukuu. Dada na shemeji wakamchukua mjukuu. Jirani mmoja akaona baiskeli ya mtoto akawaripoti, na sasa kamati ya mtaa imewaandikia barua mbili: mtoto anaruhusiwa kutembelea, haruhusiwi kuishi. Wasipomwondoa watatozwa faini. Dada anasema siku hizi mtoto hachezi nje mchana, na ile baiskeli wameificha bafuni.*

*Alinipigia analia: "Mdogo wangu, mchukue mwanangu, nitakutumia matumizi na ada ya shule." Wanangu wanasema nikubali haraka maana dola hazikataliwi. Kaka yetu anasema ni aibu kwa ukoo mtoto wetu kufukuzwa ugenini wakati nyumba yangu ina vyumba vinne. Mjukuu nampenda, ila nimemwona mara moja tu, alipokuja na marehemu mama yake. Hajui Kiswahili wala Kinubi. Nami nina presha. Nikubali? Na hiyo ni sheria gani inayomfukuza yatima nyumbani kwa bibi yake?*

*Bibi wa Bombo*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Poleni sana na msiba. Dada yako amemzika binti wa pekee, na kabla machozi hayajakauka anaandikiwa barua za faini kwa kosa la kumpa mjukuu kitanda. Nimekuwa nikimuwaza tangu barua yako iliponifikia.

Jibu langu ni hili: usikubali kwa sasa. Ikiwa siku moja mjukuu atakuja kuishi Bombo, aje kwa sababu watu wazima wa ukoo wamekaa chini, wametazama maisha yake mpaka atakapokuwa mtu mzima, wakaona Bombo ndipo patakapomfaa. Asije kwa sababu jirani aliona baiskeli.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona dada yako anaogopa sheria ambayo hajaisoma. Marekani ina sheria ya nchi nzima inayozuia ubaguzi katika nyumba. Ilitiwa sahihi Aprili 1968, juma moja baada ya Martin Luther King kuuawa, na mwanzoni iliwalinda watu kwa rangi, dini na asili yao. Watoto hawakutajwa. Wenye nyumba waliendelea kuzikataa familia zenye watoto waziwazi, hadi mwaka 1988 sheria iliporekebishwa ikakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu anaishi na mtoto chini ya miaka 18. Hapohapo, lakini, wabunge waliacha nafasi kwa makazi ya wazee, na mwaka 1995 wakapitisha sheria nyingine iliyoyarahisishia makazi hayo kazi.

Mtaa ukitaka kuhesabiwa kuwa wa miaka 55 na kuendelea, katika nyumba zinazokaliwa, zisizopungua asilimia 80 lazima ziwe na angalau mtu mmoja aliyetimiza umri huo. Uwe pia umetangaza kanuni zinazoonyesha kuwa ni mtaa wa wazee, na unazifuata. Tena uwe unahakiki umri wa wakazi na kurudia uhakiki huo angalau kila miaka miwili. Ukitimiza hayo yote unaruhusiwa kukataa watoto. Unaruhusiwa tu, haulazimishwi. Serikali ya Marekani haijasema popote kwamba mjukuu wenu aondoke. Wanaosema hivyo ni kamati ya majirani, kwa masharti yaliyofungamana na hati ya nyumba, ambayo dada yako na shemeji yako waliyakubali siku waliponunua.

Tazama sasa hesabu yenyewe, kwa sababu ina faida kwenu. Nyumba ya dada yako ina watu wawili waliopita miaka 55. Imo ndani ya zile 80 kwa 100, na itaendelea kuwamo hata mtoto akilala chumba cha pili. Mjumbe wa kamati akisema, "Tukimruhusu huyu serikali itatunyang'anya hadhi ya mtaa wa wazee," dada yako amjibu kwa upole kwamba hesabu haibadiliki kwa mtoto anayeishi na bibi yake wa miaka 66. Kuna watu husikia habari ya asilimia 20 iliyobaki wakadhani ni nafasi zilizotengewa familia zenye watoto. Sivyo, na asiende kudai hivyo. Masharti ya mtaa yanaweza kuwa makali kuliko sheria ya nchi, na mara nyingi ndivyo yalivyo. Ipo pia mitaa ambayo kila mkazi lazima awe ametimiza miaka 62, na huko hoja hii haina nguvu. Ila wewe umeniandikia 55.

Jambo hili lilishatokea hukohuko Arizona. Kuna mji mdogo uitwao Youngtown, ulioanzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya wastaafu. Katika miaka ya tisini bibi na babu wa hapo walimchukua mjukuu wao, kijana wa shule, kwa kuwa alikotoka hakukuwa salama. Mji ukataka aondoke. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ilipolitazama suala hilo, ikaonekana kanuni ile ya umri haikuwa na nguvu ya kisheria, na mwaka 1998 zuio likaondoka. Siwaambii haya ili mwende kupigana. Bibi na babu wengine wengi wameandikiwa barua kama hizo wakahama kimya kimya, kwa kuwa mitaa yao ilikuwa imetimiza kila sharti. Nawaambia ili mjue kwamba barua ya kamati inaweza kuulizwa maswali: masharti yenyewe yako wapi, uhakiki wa umri ulifanywa lini, nani mwingine aliwahi kuongezewa muda?

Wala sitaki tuwachukie majirani. Wako wazee pale waliouza kila kitu wakanunua utulivu wa miaka yao ya mwisho, na hawajamkosea mtu kwa kuutaka. Anayenisikitisha ni mtoto.

Ulipoandika kwamba hachezi nje mchana na baiskeli iko bafuni, niliiweka barua chini. Mtoto wa miaka 7 aliyefiwa na mama hana maneno ya kueleza msiba wake. Hutazama watu wazima wanavyomtendea, na kwa hayo hujua kama bado ana kwao. Akifundishwa kunyamaza gari la mlinzi linapopita, amefundishwa kwamba kuwepo kwake ni kosa. Mwambie dada yako baiskeli itoke leo. Wamejulikana tayari, kumficha hakuwaepushii faini yoyote, na mtoto anaumia. Ampeleke bustani ya umma au uwanja wa shule acheze mpaka achoke.

Halafu kuna karatasi, na hapa nakuomba uwe mkali kwa dada yako. Umesema wakamchukua mjukuu. Walimchukua kwa njia gani? Kwetu bibi humchukua mtoto matanga yakiisha na hakuna anayemuuliza. Kule, baba aliye hai, hata akiwa wa kupiga simu sikukuu, bado ana haki mbele ya sheria, na bibi asiye na amri ya mahakama ni mgeni shuleni, hospitalini na hata mbele ya kamati yake. Ile sheria ya nyumba inamlinda mtoto anayeishi na mzazi, au na mtu aliyepewa ulezi wake kisheria, au na mtu aliyeandikiwa ruhusa na mzazi au mlezi huyo. Bila karatasi, hata mtaa wao ukionekana haujatimiza masharti, dada yako hatakuwa na pa kusimamia. Waende mahakama ya jimbo waombe ulezi, baba apewe taarifa, na akikubali aandike. Wanaosaidia wazee kwa hili bila malipo wapo: ofisi za msaada wa sheria, na zile za kuwaelekeza ndugu wanaolea watoto, ambazo majimbo mengi huziendesha.

Amri ya ulezi ikipatikana, na pesa zinafuata. Ikiwa marehemu alifanya kazi kwa muda wa kutosha na kukatwa mchango wa Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, mtoto wake ana haki ya malipo ya kila mwezi hadi atimize miaka 18, au 19 akiwa bado sekondari. Hiyo si sadaka, ni jasho la mama yake. Kuna pia msaada wa serikali unaotolewa kwa mtoto anayelelewa na ndugu, ambao mara nyingi hutazama kipato cha mtoto na si cha bibi, na bima ya matibabu kwa mtoto. Wazee wengi waliotoka huku hawaombi kwa kuona haya. Dada yako aombe.

Barua ya kujibu kamati iandikwe sasa, kabla siku walizopewa hazijaisha. Wasikae kimya, kwa maana faini za mitaa ya namna hiyo hukua, na zikikua zinaweza kufungwa kwenye nyumba yenyewe, ikawa taabu kuiuza. Barua iwe fupi. Iseme mama wa mtoto amefariki, maombi ya ulezi yanapelekwa mahakamani, na nyumba bado inakaliwa na watu wawili waliotimiza umri. Halafu iombe kitu kimoja chenye tarehe: mtoto aruhusiwe kukaa hadi mwaka wa shule umalizike, wao wakitafuta nyumba nyingine, na faini zisitishwe kwa muda huo. Kamati inayoombwa "mtuhurumie" haijui ijibu nini. Ikiombwa miezi yenye mwisho, hupiga kura. Wakikataa, na kukiwa na dalili kwamba mtaa hauhakiki umri wala haufuati kanuni zake, malalamiko hupelekwa idara ya nyumba ya serikali ya Marekani ndani ya mwaka mmoja, au mahakamani ndani ya miaka miwili. Kwa hayo amtafute mwanasheria wa kule.

Umeona nimeandika "wakitafuta nyumba nyingine." Ndiyo, dada yangu. Nadhani mwisho wa haya ni wao kuhama, na ni afadhali walisikie mapema. Hata kamati ikilainika mwaka huu, mtoto huyu ana miaka 11 mbele yake kabla hajawa mtu mzima, na hafai kukua mahali ambapo kila mkutano wa mwaka unaweza kumtoa. Nyumba ile waliinunua wakiwa watu wawili wasio na mtoto. Sasa ni watatu. Nyumba huuzwa. Waiuze kwa wazee wengine, wakodi au wanunue penye shule karibu na watoto wa rika lake barabarani, na kama bwawa la kuogelea watalikosa, basi. Najua shemeji yako wa miaka 71 alidhani amehama kwa mara ya mwisho. Ni haki yake kulia kwa hilo. Lakini kati ya nyumba na mtoto, cha kuhamishwa ni nyumba.

Nina sababu ya kusema hivi kwa uzito. Nilikuwa afisa wa probeshoni, yaani wa ustawi wa watoto, Masaka na Rakai miaka ya tisini, wakati UKIMWI ulipokuwa umewamaliza wazazi wa vijiji vizima. Ugonjwa ule uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini kwetu Kasensero, kando ya ziwa, mwaka 1982, na kufikia nilipoanza kazi walezi wa eneo lile walikuwa mabibi. Nilikaa kwenye mikutano ya ukoo baada ya maziko. Huyu aende kwa mjomba Kampala, huyu Mbarara, huyu mdogo abaki na jaja, bibi yake. Tuligawanya watoto kwa kutazama nani ana chumba na nani ana ng'ombe. Watu walifanya walichoweza, na sitasahau mabibi waliogawana posho, yaani ugali, na wajukuu saba. Ila baadaye nilikutana na wale watoto wakiwa vijana. Wengi hawakuniuliza kwa nini walikula vibaya. Waliniuliza, nani alisema niondoke? Na kwa nini mimi?

Mjukuu wenu amempoteza mama. Mkimleta Bombo sasa, atawapoteza bibi na babu, ambao ndio pekee waliobaki wanaomjua mama yake alivyocheka, pamoja na mwalimu wake, marafiki zake na lugha anayoitumia kuomba maji. Atashuka Entebbe kwa bibi mdogo anayempenda na asiyeweza kumsimulia mama yake. Moyo wako ni mkubwa, nauona. Hauwezi kuyarudisha hayo.

Sasa kaka yenu na aibu ya ukoo. Kaka anahesabu vyumba vinne. Mtoto halelewi na vyumba. Analelewa na wewe, mwenye presha, unayeinamia cherehani kutwa. Atakapotimiza miaka 18 wewe utakuwa na 72, dada yako 77, shemeji 82. Hilo ndilo lililopaswa kuwatia ukoo wasiwasi, na naona hakuna aliyelitaja. Nani atamlea mtoto huyu bibi na babu wakianguka? Mwiteni kaka kwenye mazungumzo hayo. Mtafuteni mtu mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na kitu au arobaini, mwanao au mwana wa kaka, aliye kule au huku, anayetaka mwenyewe wala halazimishwi, na dada yako amwandike kwenye wosia wake kuwa mlezi anayependekezwa. Kama mtu huyo ni mwanao aliye Bombo, basi Bombo imepata kazi yake, na mna miaka ya kujiandaa.

Kwa wanao, nasema kwa upendo: dola hukataliwa zikija zimefungwa kwenye mtoto aliyefiwa. Pesa anazoahidi dada yako zinatoka kwenye pensheni ya wazee wawili. Mmoja akiugua, zinakoma, na ada za shule hapa hudaiwa mihula mitatu kila mwaka bila kujali nani anaumwa Arizona. Mtoto atabaki mezani kwako, na si mezani kwao waliosema kubali haraka.

Ukiona bado moyo unakusukuma, au ikatokea kwamba wazee wale hawawezi tena, basi ujue mapema kinachohitajika, maana mambo haya hayafanywi uwanja wa ndege. Mmarekani aliye chini ya miaka 16 hapati pasipoti bila wazazi wote wawili kukubali, au mlezi kuonyesha amri ya mahakama au cheti cha kifo pamoja na hati zinazomhusu mzazi aliyebaki. Kwa hiyo hata safari ya kuja huku inarudi kwenye zile karatasi za ulezi. Upande wetu, Katiba ya 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa hata mtoto aliyezaliwa nje, ikiwa mzazi wake au bibi au babu yake alikuwa raia wa Uganda wa kuzaliwa wakati mtoto anazaliwa. Hapa muwe waangalifu: uraia wa nchi mbili tumeuruhusu kwa sheria ya mwaka 2009 tu. Ikiwa dada yako aliapa Marekani kabla ya hapo na hakurudisha uraia wake, jibu linaweza kubadilika. Kaulizeni idara ya uhamiaji Kampala, mkiwa na vyeti vya kuzaliwa vya vizazi vyote vitatu. Na akija kuishi, usiishie kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani wa baraza la kijiji. Nenda kwa afisa wa probeshoni wa wilaya ya Luwero, kwa sababu Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inatambua ulezi wa kindugu ila inataka uwe na utaratibu, na wewe unahitaji kujulikana kuwa mlezi siku mtoto atakapolazwa hospitali.

Kuna kitu kimoja ninachotaka ufanye bila kusubiri karatasi yoyote. Arizona iko nyuma yetu kwa saa kumi mwaka mzima. Ukimaliza kula Jumapili saa mbili usiku, kule ni saa nne asubuhi na mtoto yuko nyumbani. Mpigie kwa video. Mwonyeshe cherehani, msimulie wanajeshi wanavyopita mbio asubuhi barabara ya Bombo, mfundishe kuhesabu hadi kumi. Usiongee naye habari ya kuhama. Likizo yao ndefu ni Juni na Julai. Mwaka ujao, karatasi zikiwa tayari, aje na bibi yake apumzike kwako, aendeshe baiskeli mchana kweupe, kisha arudi na bibi yake. Atakuwa amekujua. Ikilazimu kuja tena, hatakuja kwa mgeni.

Na dada yako akipiga tena analia, usimjibu "sitaki." Mwambie: "Mjukuu ni wetu sote, na kwangu mlango uko wazi. Lakini kwanza andika barua kwa kamati, kesho nenda mahakamani, na umwambie mtoto wako wazi kwamba mkihama mtahama wote watatu." Hilo la mwisho mhimize amwambie mtoto usiku huohuo, kabla hajalala.

Barua ya pili

*Senga, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Jinja, nimepanga muzigo wa chumba kimoja Walukuba. Binti yangu ameenda kufanya kazi Uarabuni akaniachia mtoto wa miaka minne. Mwenye nyumba anasema alipangisha mtu mmoja, si mtu na mtoto, na mwezi ukiisha atafunga mlango kwa kufuli lake. Anaweza?*

*Babu wa Walukuba*

Marahaba, mzee wangu. Kufunga mlango hawezi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inamkataza kukutoa bila amri ya mahakama, na akifanya hivyo kwa nguvu anakuwa yeye ndiye mwenye kosa. Anachoweza ni kukupa notisi ya kukatisha upangaji. Kwa hiyo usitishike, lakini usimdharau pia. Nenda kwake mchana na mjukuu umemshika mkono, umweleze mama yake yuko wapi na anarudi lini. Akitaka kuongeza kodi kwa sababu ya mtoto, sheria hiyohiyo haimruhusu kupita asilimia 10 kwa mwaka. Mkikubaliana, muandike hata kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa LC 1 akiwa shahidi. Akikataa kabisa, omba muda kwa maandishi na uanze kutafuta chumba kwenye uwanja wenye watoto wengine.

Swali langu kwako ni zito kuliko lako: wewe unalinda usiku, mtoto wa miaka minne analala na nani? Hukuniambia. Kama ni peke yake, acha habari ya kufuli kwanza. Zungumza leo na mama jirani unayemwamini, binti yako amtumie kitu kila mwezi kutoka huko aliko, na mtoto alale kwake zile siku za zamu. Ukikosa mtu, mwone afisa wa probeshoni wa jiji la Jinja kabla ya zamu yako ijayo.